Jmosi vipokezi vya serotonini, muda umebadilika
Habari za jioni wapendwa, poleni na zamu. Kipindi chetu cha serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva) kwenye kujifunza na kumbukumbu sasa ni Jmosi saa 10 jioni, palepale Shangani chini ya mkorosho.

1. Mchango 2,000 ya fotokopi na chai, mwisho Ijumaa saa 2 usiku.
2. Familia za vipokezi (protini zinazoipokea serotonini) ziko 7 na sisi tuko 7, kila mtu moja. Ya 3 isomwe vizuri jamani, ile ni mlango wa ioni (chembe zenye chaji) kabisa, zingine sio.
3. Mimi naanza na konokono wa baharini wa mwanasayansi Kandel (Nobeli 2000), akipigwa shoti mkiani serotonini inamwagika, cAMP (kemikali ya ujumbe ndani ya seli) inapanda, miunganiko ya neva inaimarika, yaani hapo ndo napapenda mno.

Andika NIPO na namba ya familia yako leo, anayewahi ndo anachagua.