Mwani hautoshi katika aya tatu

Mhariri,

Asalaam aleikum. Ni msomaji wako tangu niko skuli, na leo nina ombi.

Juzi mlitoa habari ya mwani: aya tatu, bei ya kilo, maneno ya ofisa mmoja, basi. Nilimsomea mama yangu, ambaye ameulima hapa Jambiani tangu kilimo hiki kilipoanza huku kwetu na Paje mwaka 1989. Nilipomaliza akaniuliza, "Na nyengine iko wapi?"

Hiyo nyengine ndiyo ninayoiomba. Gazeti lina ukurasa wa habari, wa biashara, wa utamaduni na wa mapishi, na mwani umo katika kurasa zote nne. Wanawake wanafuata bamvua, zile siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana. Maji yakitoka, huingia na kamba na vigingi, wakafunga miche mmoja mmoja kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba, wameinama, mpaka bahari irudi. Kotonii ndiyo aina ya mwani yenye bei, lakini maji ya karibu na ufuo yamepata joto na inakufa. Imebaki aina ya pili, spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Kotonii ingestahimili kwenye kina kirefu, ila huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa mama zetu hawana kimoja wala hawajui cha pili. Mwani ukishakauka unasafirishwa nje, ukakamuliwe kile kinachotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno ili ziwe nzito. Hapa nyumbani wapo wanaoutengenezea sabuni, juisi na jamu. Na pesa yake ndiyo iliyoninunulia mkoba na viatu vya skuli, wakati ambapo mwanamke kushika pesa yake mwenyewe lilikuwa jambo la kuzungumzwa kijiji kizima.

Nani ataandika hayo kwa aya tatu? Tupeni makala moja ndefu kila wiki, maneno elfu tatu hivi, na mwandishi akae kijijini bamvua mbili kabla hajashika kalamu. Wataalamu wa kuulizwa wapo, akiwemo Dk. Flower Msuya aliyeutafiti mwani wetu miaka mingi. Pembeni wekeni kisanduku cha kututajia makala nyengine ndefu za Kiswahili zinazofaa kusomwa, hata za magazeti ya wenzenu, maana kesho yake huwa zishafungiwa maandazi.

Husemwa wasomaji hawana subira. Mimi hupanda boti ya Dar. Ndani ya saa mbili zile naona watu wanalimaliza gazeti, kisha wanarudia hata matangazo ya zabuni.

Mkimaliza mwani, nendeni Pemba mkatueleze karafuu, tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, karafuu ikawa ya Pemba zaidi.

Mwandishi akija kwetu, pa kulala papo. Aje siku za bamvua, na viatu vya kuingilia baharini.

Msomaji wako,
Jambiani, Kusini Unguja