Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka wa Masomo 2024/2025

Wajumbe wa kamati, dada zetu mliohitimu mnaotusikiliza kwa simu, na dada zangu wanachama wote wa umoja wetu wa wanafunzi wa kike wa Afrika Mashariki hapa Iowa, habari za jioni.

Katiba yetu inanitaka niwasomee taarifa hii kabla ya uchaguzi, kwa Kiswahili, na isizidi nusu saa. Ikizidi, naomba mnivumilie. Lipo jambo ambalo mwaka mzima limesemwa jikoni, kwenye simu na kwenye magari ya kwenda sokoni, ila kikaoni halikuwahi kufika. Ni uamuzi wangu wa kuifuta Wiki ya Kufundwa, na leo nitalileta mimi mwenyewe.

Kwanza shughuli. Agosti tuliwapokea wageni uwanja wa ndege wa Cedar Rapids, safari nne, kwa gari la kuazima, na kila mmoja alipata blanketi, sufuria na koti la baridi. Chai ya Ijumaa iliendelea. Darasa la watoto wa familia za Kongo na Burundi zinazoishi hapa mjini liliendelea kila Jumamosi, isipokuwa wiki za theluji kubwa na za mitihani. Desemba tuliunganisha Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 na Jamhuri ya Kenya ya tarehe 12 katika usiku mmoja, kama ilivyo desturi. Siku ya Kiswahili Duniani ni Julai 7, lakini Julai chuo huwa kimefungwa, kwa hiyo tuliiadhimisha Aprili. Pilau tuliuza mara tatu. Doti 40 za kanga za sare zilifika kutoka Kariakoo, zimebaki 17, mweka hazina anazo. Mengine mnayafahamu, sitayarudia.

Safari ya Mount Pleasant naomba niieleze, kwa sababu wapo waliouliza tulifuata nini kule kwenye mashamba ya mahindi. Tulifuata historia ya kitu tunachokifanya. Tarehe 21 Januari 1869, wasichana saba wa chuo cha Iowa Wesleyan walianzisha udada wao waliouita P.E.O. Mwanzoni ulikuwa wa chuoni tu, kama huu wetu. Leo una wanachama Marekani na Kanada, una chuo chake cha Cottey kule Missouri tangu 1927, na tangu 1949 una mfuko wa kuwasomesha shahada za juu wanawake wanaotoka nchi nyingine, yaani watu kama sisi. Iowa Wesleyan yenyewe ilifungwa Mei 2023. Mimi nilisimama pale nikawaza kwamba chuo kimekufa na udada wa mabinti saba bado uko hai, nikashindwa kuzungumza kwa muda. Natamani mngekuwepo. Walioandika majina walikuwa 24, tukakodi gari la watu 15 na kupanga mawili ya wenyewe, na asubuhi ile tulijitokeza 9. Upungufu wa kodi niliulipa kutoka mfukoni kwangu, dola 85, na sijadai kurudishiwa.

Sasa nije kwenye Wiki ya Kufundwa.

Kwa faida ya wanachama wapya: tangu umoja huu uanze, kila Septemba walioingia walikuwa wanawekwa siku tano chini ya dada wakubwa. Wanakabidhi simu zao. Wanaamshwa saa kumi alfajiri kusonga ugali wa nyumba nzima. Wanabeba mabegi ya dada wakubwa kwenda darasani. Usiku wa mwisho wanasimama uani na kutaja majina ya waanzilishi kwa mpangilio, na anayekosea wote wanaanza upya. Siku ya sita wanavalishwa kanga, watu wanalia, wanakumbatiana, na kwa kweli usiku ule ni mzuri. Nami nilivalishwa hivyohivyo mwaka 2022. Sisemi habari ya kusimuliwa.

Septemba 2024 niliifuta wiki hiyo. Mahali pake tukaweka jioni tatu za mazungumzo, kila mgeni akapewa dada mkubwa mmoja wa kumwangalia mwaka mzima, na kanga akavalishwa siku ya kwanza badala ya siku ya sita.

Lawama nilizozisikia ni tatu. Ya kwanza ni kwamba niliamua peke yangu. Dada zangu, kumbukumbu zipo. Niliitisha kikao Septemba 7, wakaja 11. Nikaitisha tena Septemba 14, wakaja 9. Akidi yetu ni 19. Ajenda iliandikwa wazi mara zote mbili, tena kwa herufi kubwa. Wiki yenyewe ilipangwa kuanza Septemba 16. Ibara ya dharura inamruhusu mwenyekiti, akikubaliana na angalau mjumbe mmoja wa kamati ndogo, kutoa uamuzi ambao utaletwa mbele ya wanachama baadaye. Katibu alikubali na kutia saini. Mweka hazina hakukubali, na ninaheshimu kwamba alisema hapana usoni kwangu. Baada ya hapo nimeuleta uamuzi huo Oktoba, Novemba na Februari ili mupige kura, na mara zote tatu akidi haikutimia. Anayesema nimewanyang'anya wanachama kauli yao, namwomba aangalie daftari la mahudhurio aone jina lake limeandikwa mara ngapi.

Lawama ya pili ni kwamba nimeiga Uzungu na kuiacha mila. Hii imeniuma kuliko zote, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Tanga na nimefundwa kweli. Nilikuwa na kungwi. Kungwi wangu hakunibebesha begi lake. Aliniketisha chini akanifundisha mwili wangu, usafi wangu, namna ya kusema na watu na namna ya kunyamaza, na mpaka leo akipiga simu ananiita mwanangu. Bi Kidude, ambaye wengi wetu tunamjua kwa sauti yake, maisha yake yote alipiga ngoma ya unyago na kuwafunda wari wa Unguja, na waliopita mikononi mwake walimheshimu kwa alichowapa. Unyago una somo ndani yake. Nimewauliza dada wanne wakubwa wanitajie somo lililokuwa ndani ya kubeba begi, na jibu nililolipata kwa wote wanne ni kwamba na wao walibeba. Hilo tunalijua tangu nyumbani, ila haliitwi mila. Waliosoma bweni Kenya wanakumbuka maisha ya mono, yaani mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Waliosoma Tanzania wanakumbuka njuka, yaani mwanafunzi mgeni, alivyokuwa akifulishwa nguo za kidato cha tatu. Tulilibeba lile kwenye mabegi yetu hadi Iowa tukalivika kanga.

Lawama ya tatu ni kwamba sisi si sororiti, yaani udada wa vyuo vya Marekani unaojiita kwa herufi za Kigiriki, hatuna herufi hizo wala jumba, kwa hiyo mambo ya sheria hayatuhusu. Yanatuhusu. Mwaka 2011 kijana wa Florida A&M alifariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi; lile lilikuwa kundi la bendi ya chuo, wala halikuwa jumuiya ya herufi. Na Desemba 2024, miezi mitatu baada ya uamuzi wangu, Rais Biden alitia saini sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kuhesabu na kutangaza matukio ya kuwatesa wanachama wapya. Sheria hiyo inataja vilabu, vyama, timu, bendi, na serikali za wanafunzi, viwe vinatambuliwa na chuo au havitambuliwi. Tena inahesabu kuwa ni utesaji hata kama aliyetendewa alikubali mwenyewe. Wengi wetu tuko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Mfikirie maana ya jina la umoja wetu kuingia kwenye taarifa ya namna hiyo. Sikuijua sheria ile Septemba, sitadai niliijua, lakini nafurahi kwamba ilipokuja ilitukuta tumeshatoka huko.

Hata sororiti zenyewe tunazoziiga zilifika hapa kabla yetu. Alpha Kappa Alpha ya mwaka 1908 na Delta Sigma Theta ya 1913, zote za Chuo Kikuu cha Howard, zina desturi nzito kuliko zetu, na mwaka 1990 zilikubaliana na wenzao katika baraza la jumuiya za Weusi kuufuta mfumo wa zamani wa kuwapitisha wasichana kwenye majaribio. Sisemi mambo yote yaliisha siku ile. Nasema walikaa, wakaamua, na heshima yao haikupungua.

Sasa niseme lililonifanya niamue, maana hayo yote niliyasoma baadaye. Usiku wa mwisho wa wiki ile mwaka 2023, mvua ilikuwa inanyesha na tulikuwa tumewasimamisha uani kwa zaidi ya saa moja. Mmoja wao alianza kukosa pumzi. Alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa limefungiwa chumbani pamoja na simu. Ilichukua muda kumpata mwenye ufunguo. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mwisho wa muhula alituaga akajitoa, na hakusema sababu, na hatukumuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Kumbukumbu za usiku ule niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu, na nilichoandika ni kwamba shughuli ilikwenda vizuri. Nimeurudia ukurasa ule mara nyingi. Nilipogombea uenyekiti sikuwaambia kwamba nitaifuta wiki ile, na kwa hilo nalikubali kosa. Ningewaambia. Ila hata kama mngeninyima kura, siku ningepata nafasi ningeifuta tu.

Matokeo yake nayataja bila kuficha. Dada watano wa mwaka wa nne walitoka kwenye kundi la WhatsApp. Mhitimu mmoja aliyeahidi dola 500 aliiondoa ahadi yake. Kwa upande mwingine tumeingiza wanachama wapya 11, wakati mwaka uliotangulia waliingia 6. Kati ya hao 11, wanne waliacha kuhudhuria kuanzia Februari, na nimesikia ikisemwa kwamba wameacha kwa sababu hawakuteseka, hivyo hawaoni thamani ya kanga. Nimewatembelea wote wanne. Wawili wameongeza kazi, mmoja ana masomo magumu, na wa nne aliniambia kwamba alikuja vikao vitatu akakuta watu saba wakisubiri wengine. Nilikosa la kumjibu.

Hapo ndipo naingia kwenye mahudhurio. Vikao vya kawaida vilikuwa 8, akidi ilitimia mara 2. Kile cha Februari tulikuwa 6, na mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kukaanga mahamri ya watu 30. Najua baridi ya Februari hapa si ya mchezo, na najua mitihani. Lakini usiku wa Desemba, siku ya muziki na nyama, tulikuwa 52 pamoja na wageni, na theluji ilikuwa imeshaanguka.

Ada ni dola 60 kwa mwaka. Wanachama tuko 38. Waliolipa yote ni 14, waliolipa nusu 9, na 15 hawajalipa kitu, wakiwemo wajumbe wawili wa kamati. Tulipaswa kukusanya 2,280, tumekusanya 1,110. Tulianza mwaka na 412, pilau ilileta 1,346, tumetumia jumla 2,391, na baki ni 477. Mchanganuo anao mweka hazina, anayetaka amwone. Nafahamu kwamba mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, nami nimo humohumo. Ndiyo maana niliruhusu malipo ya dola 5 kwa mwezi, na hakuna hata mmoja aliyejiandikisha. Dada ambaye hana kabisa aje aniambie, itabaki kati yetu wawili. Ninaowalaumu ni wenye nacho wanaosema watalipa uongozi ukibadilika.

Kuhusu mwaka ujao, matumaini ni mengi. Tungependa kupata nyumba ya kukaa pamoja, hata ya vyumba vinne, Mungu akijalia na bei zikiruhusu. Tungependa wanaomaliza waombe ule mfuko wa P.E.O. kwa ajili ya shahada za uzamili. Tungependa darasa la watoto lipate vitabu. Na Wiki ya Kufundwa, kama kamati mpya itataka jina libaki, nashauri waalikwe akina mama wa hapa mjini, wa Kikongo, wa Kirundi na wa Pwani, waje kuwafunda wageni wetu kwa maana yake halisi. Wawili nimeshazungumza nao, wamekubali.

Nawashukuru katibu, waliopika, waliosomba wageni uwanja wa ndege, na mweka hazina pia. Uamuzi wa Septemba ni ajenda namba 4 jioni hii. Nimehesabu waliomo ukumbini kabla ya kuanza kusoma: tuko 23, kwa hiyo akidi imetimia, na mlango naomba usifunguliwe hadi tupige kura.

Naomba kuwasilisha.