Soko la umeme: tuhesabu wauzaji kwanza

Mhariri,

Wapo wanaosema kwamba tukiacha kampuni zishindane kuuza stima, bei itashuka yenyewe. Uingereza walisema hivyo hivyo mwaka 1990. Shirika la umma la kuzalisha umeme likavunjwa, na mitambo ya makaa ya mawe na mafuta ikaangukia mikononi mwa kampuni mbili, National Power na PowerGen. Kila siku zilipeleka mnadani orodha ya bei za kesho, mtambo kwa mtambo. Msimamizi wa gridi alianza na wa bei ya chini akapanda, nusu saa baada ya nusu saa, hadi mahitaji yakatosha. Bei ya mtambo wa mwisho kuitwa ndiyo waliyolipwa wote.

Ujanja uko hapo. Chukua kampuni yenye mitambo kumi. Wa kumi unagharimu shilingi 8 kwa uniti, lakini kampuni inaandika 12. Huenda ukaachwa ukalala. Ukiitwa, mitambo tisa iliyobaki nayo inalipwa 12! Mwenye mtambo mmoja akijaribu hivyo hana tisa wa kumfidia. Wala hakihitajiki kikao cha siri. Kila kampuni inajua mwenzake anapiga hesabu ile ile.

Wanauchumi Klemperer na Meyer waliiandikia nadharia hali hii mwaka 1989. Mwaka 1992 wenzao Green na Newbery wakaipima kwa soko hilo la Uingereza, wakaona kwamba mitambo ingegawiwa kampuni tano zinazolingana, bei ingekaribia gharama zaidi. Mwaka 1994 mdhibiti wa umeme wa Uingereza alizibana kampuni zile mbili zikubali kikomo cha bei kwa miaka miwili na kuuza mitambo ya megawati 6,000. Mnada wenyewe ulifutwa mwaka 2001.

Kwetu Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imefungua mlango wa ushindani, na KenGen peke yake inazalisha zaidi ya nusu ya umeme wa nchi. Pia tusikimbilie kuchana mikataba ya muda mrefu ya kununua umeme tunayoilaani kila bili ikija. Bei zake zijadiliwe, sawa. Ila kampuni iliyokwisha kuuza umeme wa mitambo minane kati ya kumi kwa bei ya mkataba hubakiwa na miwili tu ya kufaidi bei ya mnada ikipanda.

Msomaji wenu,
Nakuru