Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mamlaka ya Muda Yasiyorudishwa

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama inanitaka nieleze kazi ya mwaka na hali ya mambo tunayoyasimamia. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na kumbukumbu za vikao anazo katibu, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa hii naielekeza kwenye jambo moja lililojitokeza karibu katika kila mswada tuliousoma na kila lalamiko lililofika mezani: mamlaka yanayoombwa kwa muda mfupi, kwa sababu ambayo mtu yeyote anaielewa, kisha hayarudishwi.

Mtindo huu una historia ndefu. Mwaka 1974 Uingereza ilitunga sheria ya kuzuia ugaidi ambayo jina lake lenyewe lilitamka kuwa masharti yake ni ya muda. Ikawa inahuishwa na kutungwa upya mpaka ikarithiwa na sheria ya kudumu ya mwaka 2000. Sri Lanka ilitunga ya kwake mwaka 1979 kwa miaka mitatu. Mwaka 1982 ikafanywa ya kudumu. Misri ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1981, baada ya Rais Anwar Sadat kuuawa, na ikaendelea hadi Mei 2012. Ufaransa ilitangaza ya kwake Novemba 2015 baada ya mashambulizi ya Paris, ikaiongeza mara sita, na ilipoifuta Novemba 2017 tayari sheria ya Oktoba mwaka huohuo ilikuwa imehamishia sehemu ya mamlaka yale katika sheria za kawaida. Baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vilipewa ukomo wa mwisho wa 2020. Vikaongezewa muda, na mwaka 2021 vikawa vya kudumu.

Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi inaonyesha ngazi zenyewe. Mwaka 1963 polisi waliruhusiwa kumshikilia mtu siku 90 bila kumpeleka mahakamani. Mwandishi wa habari Ruth First, mpinzani wa ubaguzi huo, alipomaliza siku zake 90 aliachiwa na kukamatwa tena papo hapo, akakaa ndani siku 117 kwa jumla. Mwaka 1965 siku 90 zikawa 180. Mwaka 1967 kikomo kikaondolewa kabisa. Kila ngazi ilitetewa kwa hoja kwamba ile ya chini yake haikutosha.

Kwa nini kuongeza muda ni rahisi hivi? Mbunge anayekataa anajua kwamba likitokea shambulio kesho yeye ndiye atakayelaumiwa, na anayekubali haulizwi kitu. Pili, mswada wa kuongeza muda huja siku chache kabla ya tarehe ya mwisho, bila taarifa yoyote ya namna mamlaka yalivyotumika. Tatu, mara nyingi anayeongeza muda ni yuleyule anayeyatumia. Katika shauri la Gillan na Quinton, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikuta kwamba kibali cha polisi kusimamisha na kupekua watu bila kuwashuku, ambacho kisheria kilikuwa cha siku 28 tu, kilikuwa kimehuishwa mfululizo kwa eneo zima la London tangu 2001. Uamuzi wa 2010 ulisema mamlaka hayo hayakuwa na kizuizi cha kutosha dhidi ya matumizi mabaya.

Ndiyo maana mwaka huu kamati ya sheria haikuridhika kuona neno "muda" katika mswada. Kifungu cha ukomo kinachostahili jina hilo lazima kitaje tarehe ya mwisho ndani ya sheria yenyewe, si "hadi Waziri atakapotangaza vinginevyo". Kila nyongeza iwe kwa kura mpya ya Bunge, na idadi ya nyongeza iwe na kikomo. Kabla ya kura, serikali iwasilishe taarifa ya maandishi: mamlaka yametumika mara ngapi, dhidi ya watu wa aina gani, na wangapi kati yao hatimaye walishtakiwa. Jambo linalosahaulika zaidi ni taarifa binafsi zilizokusanywa katika kipindi hicho. Sheria ikifa na kanzidata ikabaki, nusu ya mamlaka imebaki. Andikeni waziwazi kwamba zifutwe, nani azifute, ndani ya muda gani, na nani athibitishe kuwa zimefutwa.

Wale mnaoandika maoni kuhusu hali ya hatari, tumieni Ibara ya 4 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966. Inataka hali ya hatari itangazwe rasmi, hatua zisizidi zile ambazo hali yenyewe inazilazimu, na nchi iarifu wanachama wenzake kupitia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ni haki zipi zimesimamishwa na kwa nini. Mateso, utumwa na adhabu kwa kosa ambalo halikuwa kosa lilipotendwa haviruhusiwi hata wakati huo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 hauna kabisa kifungu cha kusimamisha haki. Udhaifu wake ni maneno "kwa mujibu wa sheria" yaliyobandikwa kwenye haki nyingi, ambayo serikali hupenda kuyasoma kana kwamba sheria yoyote inatosha.

Kusoma mswada

Hapa ndipo nguvu kubwa ya chama ilipokwenda, na naamini ndipo inapostahili kwenda. Msianze na utangulizi wa mswada wala hotuba ya Waziri. Anzeni na kifungu cha tafsiri, kwa sababu mtego mwingi hutegwa humo: "mfumo wa kompyuta" ukitafsiriwa kwa upana, simu ya mkononi ya kila mtu imeingia. Kisha tafuteni kila mahali palipoandikwa "Waziri anaweza" na "kama itakavyoelezwa katika kanuni". Hayo ni madaraka ambayo Bunge linayatoa bila kuyaona. Kisha kinga, yaani kifungu kinachosema ofisa hatashtakiwa kwa jambo alilolitenda "kwa nia njema". Mwishoni majedwali na marekebisho ya sheria nyingine, ambako sentensi moja huweza kubadilisha muda wa mtu kukaa mahabusu.

Chukueni maneno ya aina hii, ambayo kwa sura moja au nyingine hutokea mara nyingi: "Mtu yeyote atakayesambaza kwa njia yoyote taarifa ya uongo au ya kupotosha inayoweza kuvuruga utulivu wa umma atakuwa ametenda kosa, na akipatikana na hatia atatumikia kifungo kisichopungua miaka mitatu." Msomaji wa haraka anaona uongo unakatazwa. Someni tena neno kwa neno. "Kupotosha" hakuna kipimo. Habari ya kweli iliyokosa maelezo ya upande wa pili inaweza kuitwa hivyo. "Inayoweza" maana yake si lazima madhara yatokee. "Kwa njia yoyote" linamkamata shangazi aliyetuma ujumbe kwenye kundi la familia. Hakuna popote panaposema mtu awe alijua ni uongo. Na "kisichopungua" linamwondolea hakimu uwezo wa kutazama uzito wa tendo.

Marekebisho tunayopendekeza kwa kifungu cha namna hii ni kuingiza "kwa makusudi, akijua kuwa ni ya uongo", kufuta "ya kupotosha", kubadilisha "inayoweza kuvuruga utulivu" kuwa hatari ya karibu na ya dhahiri ya watu kudhurika mwilini, na kuondoa kima cha chini cha adhabu. Pale kifungu kinapogusa kashfa, tajeni uamuzi wa Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha katika shauri la Konaté dhidi ya Burkina Faso la tarehe 5 Desemba 2014: kumfunga mtu jela kwa kashfa kunavunja uhuru wa kujieleza, isipokuwa katika hali nzito mno kama kuchochea vurugu.

Maoni yanayoandikwa "mswada huu ni kandamizi, uondolewe" huishia kwenye jalada. Makarani wa kamati za Bunge hupanga maoni kwa namba za vifungu, na lisilo na namba halina mahali pa kukaa. Kwa hiyo kila hoja iwe na namba ya kifungu, maneno yaliyopo, kile yanachoruhusu, na maneno mbadala yaliyoandikwa kamili. Pelekeni nakala mbili, moja irudi na muhuri wa mapokezi. Bila muhuri huo huwezi kuthibitisha mahakamani kwamba ulishiriki na ukapuuzwa. Na sheria ikishapita kazi haijaisha, maana kanuni hutoka miezi baadaye kwenye Gazeti la Serikali, wakati hakuna anayetazama.

Mtu anapokamatwa

Malalamiko ya watu kushikiliwa bila kufikishwa mahakamani ndiyo yenye uchungu zaidi, na ndiyo yanayoharibika haraka kwa kukosa kumbukumbu. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika maoni yake ya jumla namba 35 ya mwaka 2014, inasema saa 48 kwa kawaida zinatosha kumfikisha mtu mbele ya hakimu. Saa zinaanza kuhesabiwa pale mikono ya polisi inapomgusa, si pale jina linapoandikwa kwenye daftari la kituo. Tofauti hiyo ndiyo inayochezewa: mtu anahamishwa kutoka kituo hadi kituo, na kila kituo kinaandika kama vile amekamatwa leo.

Kwa hiyo aliyeshuhudia aandike siku hiyohiyo: saa, mahali, namba ya gari, sare au kutokuwepo kwa sare, maneno yaliyosemwa, na kama hati ya kukamata ilionyeshwa. Ndugu waende vituoni wakiwa na barua, si mdomo mtupu, na waombe jibu la maandishi au angalau jina la ofisa aliyewajibu. Ombi la kutaka mtu aletwe mbele ya mahakama hukwama mara nyingi kwa sababu hati ya kiapo imeapwa na mtu aliyesimuliwa tu. Aape aliyeona kwa macho yake; ndugu aape kuhusu vituo alivyozunguka.

Picha za video zina sheria yake. Ukiituma kupitia programu ya ujumbe, mara nyingi faili hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Hifadhini faili asilia kwenye kifaa kilichorekodi, nakala moja kwenye kifaa kingine, na ile ya kusambaza ifichwe nyuso za wasiohusika. Kuna watu waliotambuliwa na kukamatwa kutokana na video iliyorushwa kwa nia ya kuwatetea.

Kuhusu maandamano nitasema machache. Maoni ya jumla namba 37 ya Kamati hiyohiyo ya Haki za Binadamu, ya Julai 2020, yako wazi kwamba kutoa taarifa kwa polisi hakupaswi kugeuka kuomba kibali, na kwamba kukosa kutoa taarifa peke yake si sababu ya kutawanya watu waliokusanyika kwa amani.

Kuzimwa kwa intaneti na ufuatiliaji

Katika kuzimwa kwa intaneti, swali la kwanza ni nani ametoa amri na kwa kifungu kipi. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe ilibatilisha uzimaji kwa sababu waziri aliyeamuru hakuwa na mamlaka hayo. Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema uzimaji wa Togo wa 2017 ulikuwa haramu kwa kukosa msingi wa sheria. Lakini kesi huhitaji ushahidi kwamba intaneti ilizimwa kweli. Linganisheni angalau mitandao miwili ya simu na laini moja ya waya, andikeni saa ilipokatika na iliporudi, na kama sauti na ujumbe mfupi vilipita. Wenye uwezo waendeshe OONI Probe, programu ya bure inayopima kama tovuti na huduma za mtandao zimezuiwa, kabla ya siku zenye wasiwasi pia, ili pawe na kipimo cha hali ya kawaida. Asiyelinganisha ataambiwa ulikuwa mtandao mbovu tu.

Kuhusu kusikiliza simu, uamuzi ninaouthamini kuliko yote ni wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini wa Februari 2021 katika shauri la amaBhungane, kituo cha uandishi wa habari za uchunguzi. Mahakama iliagiza kwamba aliyesikilizwa ajulishwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, isipokuwa jaji akubali kuchelewesha. Haki nyingine zote za faragha zinategemea hii, kwa kuwa mtu asiyejua kuwa alifuatiliwa hawezi kulalamika popote. Kwenye vitambulisho vya kidijitali, Mahakama Kuu ya Kenya mnamo Januari 2020 ilikataza kukusanya vinasaba na mahali mtu alipo, ikataka kanuni kamili ziwepo kwanza. Oktoba 2021 ikasema kadi za vitambulisho hivyo zilitolewa bila kufanya tathmini ya athari kwa taarifa binafsi. Tathmini hiyo ombeni kabla ya usajili kuanza. Alama ya kidole ikishavuja huwezi kuibadilisha kama nywila.

Usalama wa chama chenyewe

Vyama hufutwa mara nyingi kwa makosa ya makaratasi kuliko kwa amri ya wazi. Marejesho ya mwaka yapelekwe mapema, risiti zihifadhiwe mahali pawili, na mabadiliko ya viongozi yaandikishwe mara tu baada ya uchaguzi. Mkiambiwa kwamba kila msaada wa fedha lazima uidhinishwe kwa sababu ya viwango vya FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango dhidi ya utakatishaji fedha na ufadhili wa ugaidi, jibuni kwa maandishi kuwa Pendekezo la 8, lililorekebishwa Novemba 2023, linataka hatua zinazolingana na hatari halisi kwa vyama vilivyo katika hatari hiyo, si masharti mamoja kwa vyama vyote.

Kazi ya mwaka ujao

Kamati ya utendaji inaleta mbele yenu azimio la kuanzisha kalenda ya ukomo: daftari la kila sheria, amri na kanuni yenye tarehe ya kuisha au kuhuishwa, pamoja na jina la mwanachama anayeifuatilia. Mwanachama huyo aanze kazi miezi sita kabla ya tarehe. Katika mwezi wa kwanza wa hiyo sita aombe kwa maandishi takwimu za matumizi ya mamlaka hayo. Asipojibiwa, akate rufaa chini ya sheria ya kupata habari pale ilipo. Miezi miwili ya mwisho awe na rasimu ya maoni mkononi, kifungu kwa kifungu. Tunahitaji pia wasomaji wa Gazeti la Serikali kwa zamu ya kila wiki, wawili wawili, ili mmoja akiugua zamu isikatike. Fomu za kujiandikisha ziko kwa katibu, na zitapokelewa kabla ya kura ya azimio.