Usibadilishe kioo cha heliografu kabla hujatuona

“Kioo tu, laki mbili na nusu?” Swali hili la bei ya kutengeneza heliografu, chombo cha kutuma ishara kwa mwali wa jua, tunaulizwa mno hapa karakana kwetu Ngamiani, Tanga, na juzi kuna bwana kaondoka akisema tumemwibia. Tumeona bora tujibu kwa maandishi.

Vyombo hivi si vioo vya kujitazamia. Carl Friedrich Gauss alibuni heliotropu mwaka 1821 akipima ardhi ya Hanover, Ujerumani. Nguzo iliyo mbali sana haionekani hata kwa darubini nzuri, ila mwali wa jua ukirushwa na kioo kidogo kumwelekea mpimaji, huwaka kama nyota mchana kweupe. Ndivyo alivyounganisha vilele vya Brocken na Inselsberg, zaidi ya kilomita 100. Heliografu ya Henry Mance, ya mwaka 1869, ni ndugu yake: hukatiza mwali ili kutuma herufi za Morse, yaani mimweko mifupi na mirefu.

Kazi yote iko kwenye kulenga. Mwali hutanuka kwa nusu digrii tu, upana uleule wa jua tunavyoliona. Ukilenga kilima kilicho kilomita 40 kutoka hapa mjini, mwanga hutua pale ukiwa na upana wa kama mita 370. Kioo kikilegea digrii moja, mwali hugeuka mbili, na mwenzako huko aliko haoni kitu. Jua nalo halisubiri: kila dakika mbili limeshasogea upana wake mzima.

Ndiyo maana kioo cha Mance kina doa dogo katikati lisilopakwa fedha. Mlengaji huchungulia hapo kwa nyuma. Yule bwana alikuwa ameshapita kwa wakata vioo, wakamwekea kipande cha kioo cha kabati. Doa hakuna, unene umezidi, na kwa kulazimishwa kiingie, pete ya shaba inayokishika ikapasuka. Kile cha asili kilishatupwa. Ikabidi tukereze pete mpya, na hiyo ndiyo iliyopandisha bei, wala si kioo.

Nahodha mmoja naye alituletea sekstanti, chombo cha kupimia pembe ya jua baharini, iliyowekewa kioo cha dukani. Nyuso za kioo kile hazikuwa sambamba, akawa anaona majua mawili. Kwenye sekstanti, kosa la dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni maili nzima ya baharini.

Fedha tunayopaka ni fedha halisi, kwa njia inayotokana na ugunduzi wa Justus von Liebig wa mwaka 1835. Kingo tunaziziba kwa vanishi, maana hewa ya chumvi ya Tanga huanza kula pembeni. Kisha chombo kinajaribiwa juani, na siku ya mawingu unasubiri. Bei yetu hatuoni haya kuitaja.

Shaba iliyofifia usiiguse kwa msasa. Utafuta alama za digrii. Kioo cha zamani kilete hata kama ni vipande, tupime unene na mahali pa doa. Bei utatajiwa kabla hatujafungua skrubu hata moja.