Nijibu: helisi ya turbo, ya 54 au ya 56?

Bukavu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Papa Amani,

Jambo sana, na habari ya siku nyingi. Sisi huku Kadutu tuko wazima. Watoto wamerudi shule, umeme unakuja ukipenda, bei ya mazutu, yaani dizeli, usiniulize. Mama Neema anakusalimu, na anauliza kama ile sufuria kubwa mliyohama nayo ilifika Lubumbashi salama, maana hajaacha kuililia. Najua nimenyamaza muda mrefu. Na wewe umenyamaza, kwa hiyo tusidaiane. Papa Riziki ameniambia ulimwuliza kama nimekufa au nimeokoka. Hapana. Niko chini ya kamio, lori la shemeji.

Nakuandikia kwa ajili ya Subira, na tafadhali usome mpaka chini, ombi lenyewe liko huko.

Unamjua Subira, ile kamio ya shemeji. Lile jina walilomwandika juu ya kioo limegeuka kuwa maelezo. Akitoka Uvira na mchele na samaki, bonde lote la Ruzizi anakimbia vizuri, Luvungi anaipita, Kamanyola anafika bila neno. Akianza tu kupanda mlima wa Ngomo, vijana waliokaa juu ya magunia wanashuka, wananunua ndizi, wanamenya, wanakula, na wanamfikia kwa miguu. Nyuma yake moshi mweusi mpaka wenye pikipiki wanasimama kando kungoja upite. Zamani alikuwa mzito, ndiyo, lakini hakuwa wa kufikiwa na watu wanaokula ndizi.

Shemeji alipoona ule moshi, dawa yake ilikuwa moja: tufungue pompi, mazutu iingie zaidi. Unanijua, nilitaka kumrushia spana. Moshi mweusi ni mazutu iliyokosa hewa ya kuungua nayo, naye anataka kuongeza mazutu! Na ukiongeza mazutu bila hewa, joto linapanda, unaunguza pistoni ama unapasua kichwa cha moteri katikati ya Ngomo, pale kwenye kona ambapo hata mbuzi anafikiri mara mbili. Tulibishana mpaka Mama Neema akatuletea chakula ili tufunge midomo.

Mimi nikaifungua turbo, ile inayoisukumia moteri hewa kwa helisi mbili zilizo kwenye shafti moja. Helisi ya mbele, ya upande wa hewa, majani yake yameliwa kwenye ncha kama sombe iliyopitiwa na panzi. Vumbi. Ile diriti, bomba la mpira kati ya filtri ya hewa na turbo, ilikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo hakuna anayetazama, na kiangazi chote ilikuwa ikivuta udongo wa barabara bila kupitia filtri. Helisi ya nyuma, ya upande wa moto, inayozungushwa na moshi wa moteri, ni nzima. Shafti nayo haina ubaya: ukiitikisa juu na chini inacheza kidogo, kawaida ikiwa haina oili, ukiisukuma mbele na nyuma, mkono hauhisi kitu. Kwa hiyo si turbo ya kutupa. Ni ya kubadilishwa helisi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa marefu. Shemeji aliuliza bei ya turbo mpya, akatafuta kiti. Kisha kijana mmoja wa Nyawera anayeagiza piesi, yaani vipuri, Dubai akamwonyesha kwenye simu helisi ya kuchongwa, siyo ya kumiminwa. Unazijua: mashine inaichonga kutoka kwenye kipande kizima cha alumini, majani yanakuwa membamba, kitovu kinakuwa chembamba, na bado inavumilia. Majani saba marefu na saba mafupi. Mimi mwenyewe nilipenda, siwezi kukuficha. Shemeji sasa anaionyesha kila mtu kwenye baa, hata wasiojua turbo ni kitu gani, na anachotaka yeye ni ule mluzi wa turbo.

Ya zamani ina mdomo, pale hewa inapoingilia, wa milimita 52, na mgongo, pale hewa inapotokea, wa 76. Kijana ana mbili, zote za mgongo wa 76, ila moja mdomo wake ni 54 na nyingine 56. Nimepiga ile hesabu ya trimu uliyonifundisha, mdomo mara mdomo, ugawe kwa mgongo mara mgongo, uzidishe kwa 100. Ya zamani inatoka 46.8, ya 54 inatoka 50.5, ya 56 inatoka 54.3. Kwa upana wa pale hewa inapoingilia, ya 54 inaongeza karibu asilimia 8, ya 56 inaongeza 16. Shemeji alisikia 16, akaacha kusikiliza. Anasema 56 ni kubwa kuliko 54 na bei ni moja, kwa nini tununue ndogo? Mtu wa namna hiyo unamjibu nini?

Ya 56 inanikosesha usingizi, Papa Amani. Ngomo hatupandi kwa mizunguko 2,600 kwa dakika. Tunapanda kwa 1,400, gia ya pili, mguu umezama. Moteri ni ya lita 7.5: kwa 2,600 silinda zinameza lita 9,750 kwa dakika, kwa 1,400 zinameza 5,250, presha ya turbo tuiache kwanza. Yaani mlimani anameza zaidi kidogo ya nusu, na wakati huohuo turbo inasukumwa na moto mwingi itoe presha ileile. Helisi yenye mdomo mpana hapo inakosa pa kupeleka hewa. Hewa inageuka, inarudi ilikotoka, unasikia kile kikohozi kwenye filtri, na kila kikohozi kinaipiga ile beringi bapa inayozuia shafti isiende mbele na nyuma. Tambarare ya Luvungi ya 56 itaimba vizuri sana. Lakini Luvungi hatukuwa na shida!

Tena kuna kimo chetu. Hapa tuko karibu mita 1,500, hewa ina presha kama bar 0.85, siyo moja na kidogo ya pwani. Manometa, kile kipimo cha presha ya turbo, ikionyesha bar 1.2, pwani turbo inakuwa imekandamiza hewa mara 2.2. Hapa kwetu, kwa 1.2 ileile, ni mara 2.4. Sindano haisemi hilo, lakini shafti inalijua, maana inazunguka kwa kasi zaidi, na tunasogea upande uleule wa kikohozi. Ninyi huko mko kama 1,200, hamjambo kidogo.

Nilijaribu kumweleza shemeji kwa ile hadithi ya mwalimu wetu wa mekanika, ya yule Mmarekani Sanford Moss, aliyepandisha moteri ya ndege ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak kule Colorado mwaka 1918, imefungwa kwenye kamio. Mita 4,300. Moteri ya nguvu farasi 350 ikabaki na 230, na alipoifungia turbo ikarudi 356. Shemeji akasikiliza vizuri kabisa, halafu akauliza: na ile kamio iliyoibeba mpaka juu, yenyewe ilikuwa na turbo? Nikanywa maji.

Kabla sijasahau: Da Furaha ameolewa, yule yule tuliyesema. Harusi ilikuwa nzuri, samaki wa mukeke walitosha, kwaya ilizidi. Mzee wa garaji anatembea tena, anatukana vizuri, kwa hiyo amepona.

Sasa ombi. Papa Riziki anakuja huko mwisho wa mwezi. Nataka nimpe kartushi nzima ya turbo, ule moyo wenye shafti na beringi zake, nyumba yake ya upande wa hewa, lile ganda linalofunika helisi, na helisi mpya, umpeleke kwenye ile garaji inayotengeneza turbo za makamio ya migodi, uliyosema wana mashine ya balansi, ya kupima kama uzito wa helisi umekaa sawa pande zote. Huku yuko mmoja anayeniambia balansi anaifanya kwa kuilaza helisi juu ya visu viwili aone inaangukia wapi. Kitu kinachozunguka mara 100,000 kwa dakika! Nilikokotoa: kwa mgongo wa 76, ncha inakwenda karibu mita 400 kwa sekunde, na sauti yenyewe hewani haifiki 350. Visu viwili. Nilimshukuru, nikaondoka.

Naomba wapime helisi peke yake kwanza, kisha kartushi yote ikiwa imefungwa, kwa kasi kubwa na oili ikipita ndani, na wakupe karatasi ya vipimo. Wasipotoa karatasi usilipe. Pia nyumba ikerezwe ifuate umbo la majani, kuanzia mdomoni mpaka pale inapopinda kwenda kwenye mgongo. Wakereza wazuri tunao hapa, shimo nyoofu wanalitoa safi, lakini wakifika kwenye mpindo wanakisia. Nafasi ikiwa kubwa, hewa inavuja juu ya majani na faida yote tumeitupa. Ikiwa ndogo, majani yatagusa ukuta siku ya kwanza. Mwambie fundi nati ya mbele ni ya uzi wa kushoto, asije akaikaza akidhani anaifungua na kuipinda shafti. Alama nyeupe nilizotia zinaonyesha helisi ya nyuma na shafti zilivyokaa, asizifute mpaka amalize. Na kama wana ile beringi bapa ya duara kamili, badala ya hii yetu yenye pengo, waiweke, nitalipa mimi bila kumwambia shemeji.

Upande wangu nimeshafanya yangu. Diriti ni mpya, filtri ni mpya, na nimemkataza konda kuipuliza filtri kwa hewa ya kompresa, maana anaitoboa halafu anajisifu imekuwa safi. Lile bomba jembamba la oili ya turbo nimelibadilisha pia. Ndani lilikuwa limejaa oili iliyoungua ikawa masizi. Shoferi nimemwomba akifika juu aiache moteri ingurume polepole kidogo kabla ya kuzima. Ameitika. Kuitika kwake unakujua.

Pompi ya mazutu nimeifunga kwa waya na muhuri wa risasi. Atakayeigusa nitamwona. Nikishafunga helisi nataka kwanza tupande Ngomo na mazutu ileile, mzigo uleule, nione moshi unapungua kiasi gani na joto linashuka kiasi gani. Baadaye, kama kuna hewa inayobaki... lakini hayo ya baadaye, shemeji asisikie. Kwa kupima joto ninahitaji kile kipimo cha kutoboa kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda, kabla ya turbo. Huku sikukipata. Kwa mlima mrefu sitaki kipite digrii 700, na nadhani sasa hivi, kwa moshi ule, tunapita mbali.

Ndiyo narudi kwenye 54 na 56. Moyo wangu uko kwenye 54. Asilimia 8 ya mdomo, pamoja na majani mazima badala ya haya yaliyoliwa, naona inatosha kumtoa Subira kwenye aibu ya ndizi, na kikohozi kitakuwa mbali kidogo. Lakini wewe umeona makamio mengi kuliko mimi, na huko yanabeba shaba mpaka Kasumbalesa kila siku. Kisha nafikiri: pengine majani haya membamba yanavuta vizuri kiasi kwamba 56 ya kuchongwa ni sawa na... sijui, nikianza hapo usiku unakwisha.

Basi niambie. Umeshafunga yoyote ya kuchongwa yenye mdomo mpana kuliko wa kiwandani, na ilikohoa kwenye mwinuko au hapana? Ilikuwa na mkato ule mdogo kwenye nyumba karibu na mdomo, wa kurudishia hewa, ama ilikuwa wazi tu sawa vile yetu? Hiyo garaji inadai dola ngapi kwa balansi, na ngapi kwa kukereza? Wanakubali turbo ya mtu wa mbali, au mpaka wakujue? Kipimo cha joto kinapatikana hapo mjini? Nimtume Papa Riziki na pesa yote, au nusu kwanza? Amani ameanza darasa la ngapi? Na wewe mwenyewe, bukari ya huko umeshaizoea, ama bado unaota bugali yetu?

Nijibu kabla ya Alhamisi, kijana wa Nyawera anataka pesa yake na ameniwekea zote mbili mpaka siku hiyo tu.

Wako,
Papa Neema

Neno moja tena: shemeji ameipata namba yako kwa Papa Riziki. Akikupigia kuuliza helisi, mwambie 56 zimekwisha Dubai.