Hakuna jenereta ya sumaku inayojiendesha yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie habari zinazojirudia kila mara, za mafundi wanaodai kutengeneza jenereta inayojiendesha kwa sumaku pasipo mafuta, maji wala jua. Vijana hawa ni mafundi kweli, na ndiyo maana inaniuma kuona wakimaliza akiba zao katika jambo ambalo elimu ya umeme ilikwisha kulitolea jibu tangu karne ya 19.

Mwaka 1831, jijini London, mwanasayansi Michael Faraday aliingiza sumaku katika koili ya waya wa shaba iliyounganishwa na kipimo cha mkondo wa umeme. Mshale ulicheza sumaku ilipoingia, ukacheza kwa upande wa pili ilipotoka, lakini sumaku ilipotulia ndani ya koili mshale nao ulirudi kwenye sifuri. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote: kinachozalisha umeme ni badiliko la uga wa sumaku, yaani eneo la nguvu yake, unaopita katika koili, na badiliko hilo halitokei mpaka pawe na kani ya kulisukuma.

Mwaka 1834 mwanafizikia Heinrich Lenz aliongeza lile ambalo wengi hulisahau, kwamba mkondo ukishazaliwa hujenga uga wake wenyewe, nao hupinga badiliko lililouzaa. Mwenye jenereta ya petroli dukani analijua hili kwa masikio yake, kwani akichomeka pasi injini hunguruma kwa kulemewa na mafuta huisha haraka zaidi. Kadiri unavyochota umeme, ndivyo mhimili unavyozidi kuwa mzito kuzungusha. Kwa hiyo mota inayozungusha jenereta huku ikilishwa na umeme wa jenereta hiyohiyo itasimama tu, na sumaku kali zaidi haitaiokoa. Hata mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja wa megawati 235, haitoi kitu bila maji ya Rufiji kuisukuma.

Nakiomba chumba chako cha habari, kabla ya kuchapisha dai jingine la namna hii, kimtake fundi aondoe betri zote, achomeke pasi ya wati 1,000, na auache mtambo ufanye kazi kutwa nzima mbele ya mwandishi. Onyesho la dakika kumi halitoshi, maana betri ya gari dogo yenye chaji, kwa kupitia inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), inaweza kuibeba pasi hiyo kwa muda huo bila shida.

Mwalimu wa Fizikia,
Morogoro